Muulize Fundi: Aluminiamu nayo huliwa

Mbukwenyi, wasomaji wangu. Maswali ya mwezi huu karibu yote yamegusa jambo moja: aluminiamu iliyotoboka, iliyopauka au iliyooza mikononi mwa mtu aliyeambiwa dukani kwamba haishiki kutu. Nimechagua sita. La kwanza nimelijibu kwa urefu, maana ukilielewa hilo, mengine yote utayaelewa.

Fundi, shikamoo. Naishi Nzuguni, tulihamia nyumba yetu mwaka juzi. Madirisha yote ni ya aluminiamu, rangi ya fedha. Sasa sehemu ya chini ya fremu ina madoa meupe, kama mtu kamwagia maziwa yakakaukia hapo. Nasugua, hayatoki. Na pembeni ya skrubu kunatoka unga mweupe kama chumvi. Aliyetuuzia alisema mali hii hailiwi maisha. Tumedanganywa?

Marahaba, mama. Mliambiwa ukweli nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu.

Kama tulivyokubaliana kwenye simu, Jumamosi nilipita hapo kwako. Umesema kweli, madoa hayatoki kwa sababu hayako juu ya fremu. Nilipitisha ukucha kwenye dirisha la sebuleni: penye doa pana mkwaruzo, pamezama kidogo, kama karatasi ya msasa laini. Hapo pameliwa. Halafu nikatoa sumaku yangu ndogo nikaisogeza kwenye skrubu za chini. Ikanasa zote. Ni skrubu za chuma cha kawaida zilizopakwa zinki, zinki imekwisha, na shimo linalozizunguka limejaa ule unga.

Ngoja nikueleze kwa kituo. Aluminiamu kwa asili yake ni madini yenye haraka sana ya kuungana na oksijeni, kuliko hata chuma. Kinachoiokoa ni kwamba ikiungana nayo mara moja, inajijengea ngozi. Chukua kisu ukikwaruze kipande cha aluminiamu, utaona mstari unang'aa. Kabla hujakunja kisu chako, ngozi mpya imeshajifunika juu ya huo mstari. Ni ngozi ya oksaidi, nyembamba mno: ukipanga tabaka zake kama 20,000 ndipo unakaribia unene wa unywele. Kutu ya chuma humomonyoka na kuacha chuma kipya wazi, kiliwe tena. Ngozi ya aluminiamu hung'ang'ania, haipitishi hewa wala maji. Kwa hiyo muuzaji alikuwa na haki ya kusifu.

Ila ngozi hiyo ina maadui, na maadui hao wako kwenye kila nyumba inayojengwa. Hustahimili maji ambayo si makali sana kwa uchachu wala kwa ubesi (ukali wa kinyume cha uchachu, kama wa magadi), kwa kipimo cha pH ni kati ya 4 na 9 hivi. Simenti mbichi iko juu ya 12. Madirisha yako yaliwekwa kabla lipu haijapigwa, nimeona mwenyewe simenti iliyoganda nyuma ya fremu. Fundi wa lipu akirusha simenti, matone yakatua juu ya fremu, yeye anasema "tutafuta kesho". Kesho hakuna cha kufuta. Simenti ikiwa mbichi huyeyusha ngozi na kuingia kwenye metali yenyewe kwa muda wa saa chache, ikishakauka hutulia, lakini doa limeshakaa milele. Na usidhani fremu iliyotiwa ngozi nene kiwandani, nitakayoieleza mbele, imepona. Ngozi ile nayo ni oksaidi, simenti inaipenda vilevile.

Hili linaniuma kwa sababu nami nilishalifanya. Mwaka wangu wa pili Dodoma, wakati watu wanajenga mchana na usiku, niliweka madirisha 14 kwenye nyumba ya Ilazo kabla ya lipu, kwa kuwa mwenye nyumba alitaka mlinzi alale ndani. Nilipoitwa kukabidhi, fremu zilikuwa na vidoa kama ngozi ya kanga. Nilibadilisha fremu 9 kwa fedha zangu. Tangu siku hiyo, kwangu lipu kwanza, dirisha baadaye; na ikilazimika kuwa kinyume, fremu inafungwa nailoni na gundi ya karatasi pande zote, na upande unaogusa ukuta unapakwa rangi ya lami ili simenti isikutane na metali hata siku moja.

Tuje kwenye skrubu. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, zinakuwa betri. Moja inajitoa mhanga kwa ajili ya mwenzake, na kati ya chuma na aluminiamu anayejitoa ni aluminiamu. Kwa mvua zetu za Dodoma, ambazo kwa mwaka hazifiki hata milimita 600, betri hiyo ingelala miezi mingi. Lakini wewe unaosha madirisha kwa maji ya kisima kirefu, na maji yale uliyonionjesha yana chumvi. Chumvi ndiyo inayotoboa ngozi vishimo vidogovidogo, na ndiyo inayoifanya betri ifanye kazi. Tena vile vitundu vya chini ya fremu vya kutolea maji vimeziba kwa vumbi jekundu, kwa hiyo maji yanakaa mle ndani kwa siku kadhaa.

Cha kufanya. Zibua vitundu kwa kijiti, si kwa msumari. Toa skrubu za chini, safisha shimo, weka za stenlesi zenye washa ya plastiki. Unaweza kujiuliza, mbona stenlesi nayo ni metali tofauti? Ni kweli, lakini skrubu ni ndogo na fremu ni kubwa, mzigo unasambaa mahali pengi, hauonekani. Balaa ni kinyume chake: riveti ndogo ya aluminiamu kwenye bati kubwa la stenlesi, hiyo haimalizi muda. Madoa yenyewe yasugue kwa dodoki la plastiki na sabuni ya kawaida, usiguse stili waya, maana inaacha vipande vya chuma vinavyoanza kutu vyenyewe. Palipoliwa pakwanguliwe kwa msasa laini, papakwe praima ya aluminiamu kisha rangi. Na dawa ya kuoshea vigae, ile yenye asidi inayotoa moshi, isisogee karibu na mlango wala dirisha.

Mama, siku ukinunua tena, nenda dukani na mita ya umeme, hata ile ya bei ndogo. Iweke kwenye kupima upinzani, gusa fremu kwa nyaya zote mbili bila kukwaruza. Oksaidi haipitishi umeme. Mita ikionyesha kwamba umeme unapita, hiyo fremu ni tupu, haijatiwa ngozi ya kiwandani hata kama inang'aa. Ngozi ya kiwandani hutengenezwa kwa kutumbukiza fremu kwenye asidi ya salfa na kupitisha umeme, na kwa matumizi ya nje inatakiwa iwe na unene wa maikroni 15 hadi 25, yaani maelfu ya mara kuliko ile inayojiotea. Kama fremu imepakwa rangi ya unga, ile inayookwa kiwandani, iangalie zaidi kwenye ncha zilizokatwa. Hapo ndipo unyevu huingia na kutambaa chini ya rangi kama minyoo.

Fundi, mimi ni mjukuu nakuandikia kwa niaba ya bibi yangu, Kongwa. Sufuria yake anayopikia mlenda imekuwa nyeusi ndani. Jirani anasema ni sumu, aitupe. Bibi hataki.

Mpe bibi shikamoo yangu, na mwambie asiitupe kwa sababu ya weusi. Mlenda wetu unapikwa na magadi, na magadi ni besi kama ilivyo simenti, ila kwa upole. Magadi yakichemka kwenye aluminiamu yanaigusa ile ngozi, inakua upya ikiwa nene na yenye vijitundu, na chembe za chuma na vitu vingine vilivyomo kwenye sufuria vinabaki juu. Ndiyo ule weusi. Siku moja achemshe humo maji yenye ndimu au ukwaju, ataona inarudi kung'aa. Lakini msishangilie mng'ao huo: ndimu imeula weusi na imekula na sufuria kidogo, na kilicholiwa kimeingia kwenye maji. Hayo maji yamwagwe.

Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, aluminiamu inayotoka namna hii ni kidogo na mwili unaitoa. Wataalamu wa chakula wa Umoja wa Mataifa waliweka mwaka 2011 kiwango cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki. Mwenye ugonjwa wa figo aikwepe. Kwa wote, chakula chenye magadi, nyanya au chumvi nyingi kisilale humo, kikiiva kihamishwe.

Ninalotaka mjukuu uliangalie zaidi ni sufuria yenyewe imetoka wapi. Ile nyembamba, laini, iliyofinyangwa kwa bati la kiwandani, kwa kawaida ni aluminiamu karibu safi au yenye manganizi kidogo, na hizo huvumilia vizuri. Ile nzito, yenye mchangamchanga kwa nje, iliyomiminwa mtaani kwa kuyeyusha pistoni, vipande vya injini na chochote kilicholetwa na waokota vyuma, hiyo ndiyo inayonitia hofu. Humo kuna shaba, chuma, zinki, na inaweza kuwemo risasi. Shaba na chuma huifanya iliwe haraka, na risasi haina kiwango salama kwa mtoto. Kama ya bibi ni ya namna hiyo, mlenda apikie chungu, kama alivyopikiwa yeye na mama yake.

Habari za kazi fundi. Ni mkulima wa zabibu Hombolo. Nina sufuria kubwa ya zamani ya sherehe, nimekuwa naitumia kuchanganyia mrututu na chokaa kwa ajili ya ukungu. Msimu huu imetoboka kama chujio, na chini kuna tope jekundu. Chokaa ndiyo imeitoboa?

Njema, kaka. Chokaa imesaidia, lakini mwizi mkubwa ni mrututu. Huo ni salfeti ya shaba. Ukiweka shaba iliyoyeyuka karibu na aluminiamu, wanabadilishana nafasi: aluminiamu inaingia kwenye maji, shaba inatoka na kuganda juu ya chombo. Tope jekundu uliloliona ni shaba halisi, uliinunua ipigwe kwenye majani ya mizabibu, ikaishia kwenye sakafu ya sufuria. Na kila chembe ya shaba iliyoganda inakuwa betri na aluminiamu iliyo pembeni yake, ndiyo maana kukawa na mashimo na si kuisha kwa usawa.

Ukitaka kuona kwa macho yako, chukua vikopo viwili vya plastiki. Weka mrututu kidogo uliyoyeyushwa kwa maji ya mvua kwenye kimoja, na kwenye kingine uliyoyeyushwa kwa maji ya kisima chenye chumvi au maji uliyotia chumvi ya mezani. Tia kipande cha aluminiamu kila kimoja. Cha kwanza kitakaa muda mrefu bila dalili, kwa sababu ngozi bado inakilinda. Cha pili kitaanza kuota manyoya ya kahawia dakika hizohizo na maji yatapata joto. Chumvi imefungua mlango, shaba imeingia.

Mchanganyiko huo umetumika kwenye mizabibu tangu miaka ya 1880 kule Bordeaux, Ufaransa, sina la kuusema. Changanya kwenye pipa la plastiki. Kama mkono wa bomba lako la kupulizia ni wa aluminiamu, usuuze kwa maji matamu kila jioni, ndani na nje. Na juisi ya zabibu au mvinyo usiviweke kwenye aluminiamu, vina uchachu wa kutosha kuvua ngozi, na ladha ya metali mnunuzi ataisikia.

Kaka, naendesha Noah ya abiria Manyoni hadi Itigi. Hedi imefunguliwa, njia za maji zimeliwa mpaka gasketi haikai. Fundi anasema hedi ilikuwa feki. Nilikuwa naweka maji ya kisima tu, baridi hakuna huku, kulanti ya nini?

Hapa, ndugu yangu, nina maneno makali kidogo. Kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, kazi yake si baridi peke yake. Ndani yake kuna dawa zinazolinda ngozi ya aluminiamu, na kwako hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inahitajika. Hedi yako, kile kifuniko cha juu cha injini, ni aluminiamu yenye silikoni (ile ya kwenye mchanga, si gundi ya tyubu) na mara nyingi shaba kidogo. Bloku iliyo chini yake ni chuma. Rejeta nayo siku hizi ni aluminiamu. Kati yake yote yanapita maji ya moto ya Manyoni yenye chumvi. Umetengeneza betri yenye joto na ukaizungusha siku nzima. Hedi haikuwa feki.

Kama mbonyeo si mkubwa, hedi inaweza kujazwa kwa kulehemu na kupigwa mashine. Rudishia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, na ukikosa, maji ya mvua safi uliyokinga kwenye plastiki ni bora mara nyingi kuliko ya kisima. Dawa zilizomo huisha. Kulanti ya kawaida imwagwe kila baada ya miaka 2 hata kama rangi bado nzuri, na usichanganye aina mbili.

Na tafadhali, usimruhusu mtu yeyote asafishe hedi au rejeta kwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Nilianzia kazi kwenye gereji moja ya Dar es Salaam nikiwa na miaka 19. Tulikuwa na pipa la kostiki la kutolea mafuta kwenye vyuma. Nikaambiwa safisha, nikatumbukiza hedi ya aluminiamu. Ilianza kwa vipovu vidogo kama soda, kisha pipa lote likachemka bila moto, mvuke ukaniwasha koo. Nilipoivuta kwa waya ilikuwa nyeusi, uso wake ule uliosawazishwa kiwandani umekuwa kama ganda la embe. Baadaye nikajifunza kwamba vile vipovu ni haidrojeni, na kwamba mtu wa jirani alikuwa analehemu. Tulipona sote. Sijawahi kuacha kuwaambia vijana wangu habari hiyo.

Fundi, mimi mchimbaji mdogo, Iramba. Zebaki ilidondokea kwenye ngazi yetu ya aluminiamu penye mkwaruzo. Asubuhi pameota kitu kama manyoya meupe, ukigusa yanakuwa majivu. Wenzangu wanasema ni uchawi wa shimo.

Mdogo wangu, msipande ngazi hiyo. Si uchawi. Zebaki ikikutana na aluminiamu penye mkwaruzo, wanayeyukiana, na juu ya mchanganyiko huo ngozi haiwezi kushika. Aluminiamu inapanda, inakutana na hewa, inageuka oksaidi, inasukumwa juu kama unywele, na chini yake nyingine inapanda. Zebaki haiishi, inaendelea kufanya kazi ileile. Tone dogo linaweza kupenya upande wa pili, ndiyo maana zebaki hairuhusiwi kubebwa ovyo kwenye ndege. Kukwangua na kupaka rangi hakusaidii. Ngazi hiyo imekwisha. Itengeni msiipeleke kwa waokota vyuma, maana ikiyeyushwa zebaki itapanda kama mvuke usoni kwa mtu, na aluminiamu yenyewe inaweza kurudi kijijini kama sufuria.

Zebaki itunzwe kwenye chupa ya kioo au plastiki nene. Na kama kuna mtu hapo anachomea dhahabu kwenye sufuria ya nyumbani, mwambieni leo, sufuria ni hasara ndogo kuliko mapafu na ubongo wa wanawe.

Nijibu kwa ufupi: naunganisha waya wa aluminiamu unaotoka kwenye nguzo na waya wa shaba wa ndani. Kusokota pamoja na kufunga selotepu kunatosha? Fundi umeme, Kizota.

Hakutoshi, jirani. Kuna betri kama ya skrubu za mama wa Nzuguni, kuna oksaidi isiyopitisha umeme, na aluminiamu ni laini, inalegea ikipata joto na kupoa. Kiungo kinapata moto, kinalegea zaidi, mwishowe kinaungua. Nunua kiunganishi cha metali mbili kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, sugua waya wa aluminiamu kwa brashi, paka grisi yake papo hapo kabla ngozi haijarudi, kisha kaza. Na kama kiungo kiko nje, panga aluminiamu ikae juu na shaba chini, ili maji ya mvua yakitiririka yasibebe shaba kuipelekea aluminiamu.